Nice: Sifa Iliyozaliwa na Ujinga

Laiti Mwingereza wa zama zetu angaliweza kurudi nyuma miaka mia saba, akaketi mezani pa mababu zake na, kwa nia njema kabisa, akamsifu mke wa mwenyeji wake kwa neno "nice", neno ambalo leo hulitamka mara nyingi kabla ya adhuhuri bila ya kulifikiri, basi shukrani ambayo angaliipata ingalikuwa kofi. Kwani masikioni mwa waliokuwapo angalikuwa amesema mbele ya kadamnasi kwamba bibi yule ni mpumbavu.

Neno hili, ambalo huandikwa "nice" na kutamkwa "nais", ni katika maneno ya sifa ambayo mtoto wa shule katika nchi zetu hufundishwa mapema sana anapoanza Kiingereza, pamoja na "good", "big" na "small". Na kwa kuwa hufundishwa mapema na kwa haraka, hupewa tafsiri moja tu, "-zuri", kisha mwanafunzi akaachwa aende nayo mpaka uzeeni. Tafsiri hiyo si ya uongo, walakini ni ya nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyobeba adabu, kinaya, tahadhari na historia ndefu ya neno lenyewe.

Nasaba yake yaanzia katika Kilatini, lugha ya Warumi, ambamo "scire" ni kujua na "ne" ni kiungo cha kukanusha. Viwili hivyo vilikutana vikazaa "nescius", yaani asiyejua. Kutoka katika kitenzi hicho hicho cha kujua ndiko lilikotoka neno "science", ambalo sisi twaliita sayansi, hata ikawa sayansi na "nice" ni ndugu wa damu, mmoja amelelewa katika nyumba ya elimu na mwenziwe katika nyumba ya ujinga. Wafaransa wa kale walilirithi "nescius", wakalipunguza silabi vinywani mwao likawa "nice", nao wakalitumia kumwita mtu mjinga, mzembe, mnyonge wa akili. Wanormani walipovuka bahari na kuishinda Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa kikawa kwa muda mrefu lugha ya majumba ya wafalme na ya mahakama, maneno ya Kifaransa yalimiminika katika Kiingereza kwa maelfu, na hili likaingia pamoja nayo, likaonekana katika maandishi ya Kiingereza karibu na mwaka 1300. Geoffrey Chaucer, mshairi mkubwa aliyefariki mwaka 1400, alilitumia kwa maana hiyo ya upumbavu, na msomaji wake wa leo asiyeonywa husoma sifa mahali palipoandikwa tusi. (Mji wa Nice ulio pwani ya kusini ya Ufaransa haumo katika nasaba hii: herufi ni zile zile, bali hutamkwa "nis", na jina lake ni la Kiyunani.)

Msomaji wa Kiswahili anaye jamaa wa neno hili karibu naye. "Jahili" tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni mtu asiyejua. Lilipofika pwani yetu likakaa, maana yake ikajongea kidogo kidogo kuelekea ukatili, hata watu wengi leo wakisema kwamba fulani ni jahili hawakusudii kuwa hakusoma, bali kwamba hana huruma. Lugha mbili zilichukua neno la kutojua, moja ikalipeleka kwenye ukali na nyingine kwenye upole. Wala sioni kwamba mojawapo imekosea, maana mtu asiyejua aweza kuwa wa hatari na aweza vile vile kuwa mtu asiye na madhara yoyote, na kila lugha ilimtazama kwa upande wake.

Lakini "nice" halikuruka kwa hatua moja kutoka upumbavu hata upole. Mpumbavu, kwa dhana ya watu wa karne ya 14 na ya 15, alikuwa pia mtu wa kuvaa kupita kiasi na wa kufuata anasa, kwa hiyo neno likaanza kutumiwa kwa mavazi ya israfu na kwa mwenendo wa uasherati. Mwenye kuzoea anasa hudeka, ngozi yake huwa laini na tumbo lake huchagua. Neno likahamia kwa mtu wa kudeka, mwenye soni nyingi au kinyaa kingi, asiyeridhika upesi. Asiyeridhika upesi huchungua. Basi neno likahamia kwenye uchunguzi, uangalifu, na usahihi wa mambo madogo. Naeleza hivi kana kwamba kila maana ilingoja mwenziwe ipite ndipo ifuate, ilhali maana hizi ziliishi pamoja kwa muda mrefu, zikigongana katika kitabu kimoja, na hata wakusanyaji wa kamusi kuu ya Oxford, watu ambao kazi yao ni kukata mashauri ya namna hii, wamekiri kwamba katika maandishi mengi ya karne ya 16 na ya 17 ni vigumu kusema mwandishi alikusudia ipi.

Mfano mmoja watosha kuonyesha mtego ulivyo. Katika tamthilia ya William Shakespeare ya Romeo na Juliet, mtawa Laurence ametuma barua katika mji wa Mantua ili Romeo apate kujua siri, kwamba Juliet hakufa bali amekunywa dawa ya kumlaza usingizi unaofanana na mauti. Mjumbe aliyepewa barua azuiliwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni, na barua yarudi haikufika. Laurence apatapo habari hiyo husema, kwa hofu kubwa, kwamba barua ile haikuwa "nice". Msomaji wa leo, akiwa na tafsiri yake moja aliyoichukua shuleni, atadhani kwamba mtawa alaumu mwandiko, au aungama kuwa aliandika maneno makali. Hasha! Asema kwamba barua haikuwa ya jambo hafifu. Ndani yake mlikuwa na roho za watu. Uhafifu na udogo, kumbe, nao ulikuwa miongoni mwa maana za neno hili, na mtu asiyejua hayo hukosa kuuhisi mshituko wa mzee yule, ambao ndio mlango wa msiba wote unaofuata.

Kadiri karne ya 17 ilivyoendelea, hata kuingia ya 18, ndivyo maana ya usahihi ilivyozidi kupata nguvu. Mizani iliyopima tofauti ndogo kabisa iliitwa "nice", na sikio lililotambua kosa dogo la sauti vivyo hivyo, na hukumu iliyotenga mambo mawili yaliyokaribiana hata watu wa kawaida wakayaona kuwa ni jambo moja. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mashuhuri mjini London mwaka 1755, maana alizozitanguliza zilikuwa hizo za usahihi na hadhari, pamoja na usahihi uliopita kiasi ukawa adha. Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha neno hili. Lilikuwa na kazi yake maalumu, kazi ngumu, na hapakuwa na neno jingine la Kiingereza lililoifanya kwa ufupi kama huo.

Kutoka hapo kushuka kulikuwa kwepesi. Chakula kinachomridhisha mtu mchaguzi hakikosi kuwa kitamu, na nguo iliyopita mbele ya jicho kali haikosi kupendeza. Sifa iliyokuwa ya mwonjaji ikahamia kwenye kitu kilichoonjwa, na katikati ya karne ya 18 watu wakaanza kuita "nice" kila kilichowapendeza, awe amekichungua mtu au hakukichungua. Wenye kupenda lugha fasaha walikasirika, na hasira yao imehifadhiwa katika mazungumzo matamu kuliko yote yaliyopata kuandikwa juu ya neno moja la sifa, yaliyomo katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Northanger Abbey, iliyotolewa mwishoni mwa Desemba 1817, miezi mitano baada ya kufa kwake mtungaji.

Catherine Morland, msichana wa miaka 17 aliyepelekwa kutembea katika mji wa Bath, yumo katika matembezi pamoja na Henry Tilney, kijana padri mwenye kupenda mzaha, na dada yake Henry, Eleanor. Catherine amejaa habari za Udolpho, riwaya ya vitisho na majumba ya kale iliyotungwa na Ann Radcliffe mwaka 1794, naye amwuliza Henry kama hakioni kitabu hicho kuwa ni "nice" kuliko vitabu vyote duniani. Henry, kwa uso mkavu, ajibu kana kwamba ameulizwa juu ya unadhifu, kwamba jambo hilo bila shaka lategemea jalada. Msichana ajitetea: kitabu ni "nice", kwa nini asikiite hivyo? Ndipo Henry amwagapo dhihaka yake, kwamba ni kweli, hata siku ya leo ni "nice", na matembezi yetu, na wasichana hawa wawili pia; kwamba ni neno linalofaa kila kitu; kwamba pengine hapo mwanzo lilikuwa la unadhifu na adabu na usafi wa ladha, na sasa sifa zote za ulimwengu zimeingizwa ndani yake. Eleanor hamwachi kaka yake aende na ushindi. Amwambia kwamba neno lile lamstahili yeye Henry, tena bila ya kumsifu, kwa kuwa "nice" yake imezidi busara yake, yaani ni mchaguzi kuliko alivyo mwerevu. Hivyo katika mazungumzo ya dakika chache Austen ameweka maana mpya kinywani mwa msichana asiye na hila, na maana kongwe mkononi mwa dada mwenye ulimi, na msahihishaji akabaki kati.

Hata hivyo Henry mwenyewe hakuwa sahihi. Mwanzo aliodhani ni wa unadhifu haukuwa mwanzo. Nyuma yake palikuwa na kinyaa, na nyuma ya kinyaa israfu, na nyuma ya israfu ujinga mtupu. Wasahihishaji wa lugha wengi wana desturi hii, nao wako kwetu kama walivyoko kwao: huichukua maana waliyoikuta kwa babu zao wakaiita asili, na kila kilichokuja baada ya babu wakakiita upotofu.

Wala si "nice" peke yake lililosafiri namna hii. "Fond", ambalo leo ni la mtu mwenye mapenzi na kitu, lilikuwa hapo kale neno la mpumbavu pia. "Silly" lilishika njia ya kurudi: katika Kiingereza cha kale lilikuwa la mtu mwenye heri na baraka, na jamaa wake katika Kijerumani, "selig", angali ni mbarikiwa hata leo, bali la Kiingereza likashuka kutoka heri hata utu usio na hatia, likapita kwenye unyonge wa kuhurumiwa, na hata karne ya 16 lilikuwa limewasili kwenye ujinga, ambako "nice" lilikuwa limetoka. Sisi nasi tunashuhudia safari kama hizo kwa macho yetu. Kijana wa Dar es Salaam au wa Mombasa akiulizwa hali hujibu "safi" au "poa", wala hataji kukosekana kwa taka wala kupungua kwa joto. Wazee wengine hawapendi kusikia hivyo, walakini majibu hayo yamekwisha kupata makao.

Turudi kwenye matumizi ya leo, ambako ndiko msomaji wetu hujikwaa. Kiswahili hutenga uzuri wa sura na wema wa tabia: mzuri ni wa kutazamwa na mwema ni wa kuishi naye. Mwingereza asemapo juu ya mwanamke "she is nice" hasemi sura yake. Asema tabia, na si tabia nzima bali sehemu ile iliyo juu, ya maneno na mapokezi, ambayo sisi tungeiita bashasha, upole, uso mkunjufu, utu wa watu. Akitaka sura ataongeza neno na kusema "nice-looking". Wala hasemi wema wa moyo, kwani huo una neno lake, "good", na baina ya maneno hayo mawili pana nafasi pana: mwenye duka aweza kuwa "nice" kwa kila mteja na mizani yake ikawa na hila, na mzee mkali asiyecheka, ambaye watoto humkimbia, akawa "good" kuliko majirani zake wote. Mwanafunzi anayetafsiri "binti mzuri" kwa "a nice girl" amesifu adabu za binti aliyekusudia kusifu wajihi wake.

Kisha pana suala la uzito. Kazi ya neno hili katika mazungumzo ya Waingereza naifananisha na kikombe cha kahawa chungu barazani, ambacho hakishibishi mtu, hakina gharama kubwa, hupewa anayejulikana na asiyejulikana, na hata hivyo kumpita mtu bila ya kumpa ni kumtenga. Mgeni aliyealikwa chakula asiposema kwamba ni "nice" ametukana jungu na mpishi. Akisema, hajasema mengi, na mwenyeji lazima asikilize sauti ili ajue kama chakula kimependwa au kimevumiliwa. Binti akimleta mchumba nyumbani, na baada ya kijana kuondoka mama mtu akasema tu kwamba ni "nice", kisha akageukia vyombo, binti mwenye akili atafahamu kwamba kazi ya kumshawishi mama yake haijaanza. Na mwajiri akiandika barua ya kumweleza mtumishi wake wa zamani, akamwita "nice" wala asitaje bidii, uaminifu wala ujuzi, msomaji Mwingereza ataikunja barua na kuita mwombaji mwingine. Hapana neno baya lililosemwa; ila kimya kilichozunguka neno jema kimekwisha kutoa hukumu.

Udhaifu huu ndio watu wengi huuhesabu kuwa aibu ya neno, na mimi nauhesabu kuwa manufaa yake. Watu wanaopenda kuzuia maneno yao, ambao hushikwa na haya wakilazimika kusifu kwa sauti kubwa, huhitaji sifa isiyowafunga: itakayotimiza wajibu wa adabu na kuwaachia uhuru wa kutosema zaidi. Neno kali haliwezi kazi hiyo. Kila mtu akiitwa shujaa, mrembo, au mtukufu, msemaji huwa ameapa kiapo. Akiitwa "nice", hapana kiapo.

Yako na matumizi mengine yasiyohusu sifa hata kidogo. "Nice" likifuatwa na "and", kisha na neno jingine la sifa, huwa la kutia nguvu tu: chai iliyo "nice and hot" ni ya moto barabara, kama inavyotakiwa chai kuwa, na mtu aliyefika "nice and early" amewahi vema kabla ya wakati. Lipo pia la kinaya, ambapo baba akutaye wino umemwagika juu ya hati zake husema "a nice mess", na mtoto asiyejua kupima sauti akatabasamu, pengine akajuta. Katika kupanga sifa nyingi, neno hili hutangulia karibu siku zote. Mwingereza husema "a nice little old wooden house", wala hawezi kuzigeuza sifa hizo kichwa chini, na ukimwuliza sababu aghalabu hana jibu. Sababu ni kwamba katika lugha yake sifa ya rai ya msemaji huwekwa mbali na jina, na sifa ya dutu ya kitu, kama vile kuwa cha mti, hukaa karibu nalo. Kwetu jina ndilo mbele na sifa zikafuata, kwa hiyo Mswahili hana budi kuujifunza mpango huo kwa sikio.

H. W. Fowler, katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kilichotolewa Oxford mwaka 1926, aliomboleza kwamba neno hili limemomonyolewa hata likabaki kueneza upendezi hafifu usio na umbo, na lawama akawatwisha wanawake. Lawama hiyo namwachia mwenyewe, kwa kuwa wanaume niliowasikia wakiongea Kiingereza hawakuwa nyuma katika kulitumia. Walimu walifuata njia yake, Uingereza kwenyewe na katika shule zetu, wakawa wakilikuta katika insha hulipiga wino mwekundu. Naona kwamba juu ya insha wana haki na juu ya mazungumzo hawana. Neno linaloishi kwa sauti, kwa uso na kwa muda wa kimya kinacholifuata, hufikia karatasi likiwa limevuliwa vyote hivyo. Mwandishi aliyeandika kwamba safari ilikuwa "nice" hakutuambia kama palikuwa na bahari au mlima, lakini rafiki aliyeyasema hayo akiwa mlangoni, macho yamemng'aa, ametuambia mengi.

Na ile maana ya kilele, ya usahihi, haikufa. Ingali katika jina "nicety", ambalo ni jambo la kutenganishwa kwa uangalifu, au adabu ndogo ndogo zisizopasa kusahauliwa. Ingali pia midomoni mwa wanasheria, na hapo yawahusu hasa wafasiri wa nchi zetu, kwa maana mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania zimerithi mengi katika sheria ya Kiingereza na katika misemo yake. Jaji asemaye kwamba wakili ameleta "a nice point" hakusema kuwa hoja imempendeza, wala hakumsifu wakili kwa adabu zake, na mfasiri atakayeandika "hoja nzuri" atawapa wenye kesi furaha isiyo yao. Jaji asema kwamba hoja ni nyembamba, kwamba tofauti iliyomo baina ya pande mbili haizidi unywele, na kwamba hataikata siku hiyo.